Cherehani ya Mama na Picha ya Nyuki

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipokuwa tukikaa Al Khoudh, Maskati, klabu yetu ya picha iliniambia kwamba nyuki wangu angetundikwa kwenye maonyesho ya Qurum kwa sharti moja: aonekane wazi mwili mzima, kuanzia vipapasio hadi mwiba. Nilikwisha kukataliwa mara mbili. Nyuki wa kwanza alikuwa na macho mazuri na kiwiliwili cha ukungu. Wa pili, kinyume chake.

Njia niliijua. Ukimpiga picha mdudu kwa karibu hivyo, lenzi inaona sawasawa ukanda mwembamba tu. Basi unapiga picha nyingi, kila moja hatua ndogo mbele ya iliyotangulia, kisha kompyuta inaziunganisha zile sehemu zilizo wazi. Shida yangu ilikuwa kifaa cha kusogezea. Nikaorodhesha daftarini njia nilizojaribu. Pete ya lenzi: mkono unatetemeka. Reli ya chuma yenye skrubu, ya kuazima: imelegea, mara inakwenda unene wa unywele, mara wa kidole. Kusukuma meza: nilijaribu, na chai ya Baba ilimwagika.

Mama, aliyekuwa akiwashonea majirani, alinitazama siku tatu nzima.

"Unataka kitu kiende kidogo kidogo, hatua sawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi hapa nnafanya nini tangu asubuhi?"

Tukaitoa sindano kwenye cherehani yake ya mkono, tukapunguza urefu wa mshono mpaka mwisho. Mama akachomoa kipande cha zambarau kwenye mfuko wake wa mabaki, nami nikambandika nyuki juu yake kwa tone la gundi. Kamera ikakaa mahali pa mshonaji. Mama akizungusha gurudumu mara moja, meno ya cherehani yanavuta kitambaa na nyuki wake hatua ileile, napiga. Picha thelathini na sita. AC tuliizima ili vipapasio visitikisike, na Baba akahamia ndani ya gari.

Picha ilikubaliwa. Siku ya ufunguzi Mama alikuja na jirani yetu, aliyevaa gauni jipya la zambarau ambalo mikono yake iliishia kwenye viwiko. Mama ndiye aliyelishona, na ndiye aliyemwambia kitambaa hakikutosha.

Jirani aliinama mbele ya nyuki. Akakaa hapo muda mrefu kuliko watu wote.

"Shoga," akasema, "nyuki huyu kakalia mikono yangu."

"Kitambaa cha zambarau Maskati nzima kipo."

"Chenye tone la hina nililolidondosha mwenyewe? Hili hapa, chini ya mguu wake."

Nilisogea kutazama. Tone lilikuwepo, wazi kabisa, pamoja na kila uzi.

Mama alinigeukia taratibu.

"Mwanangu, si uliniambia unapiga picha ya nyuki?"