Jinsi Nilivyolimaliza Gemu la Kunyata

Watoto wa siku hizi wakikwambia wanajua gemu, wewe waitikie tu, halafu nenda kacheke jikoni. Mwanangu ana magemu arobaini kwenye simu, na akishindwa mara mbili analifuta moja na kupakua jingine, huku analalamika kwamba intaneti yetu ni ya kizamani. Sisi tuliokulia Kigoma miaka ile ya wakimbizi tulikuwa na gemu moja. Kompyuta moja, umeme wa mgao, na maelekezo yote kwa Kifaransa. Na bado nilijiona komandoo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, miguu kama njiti, nywele za mabutu, na nikiona jongoo napanda juu ya kiti.

Baba alikuwa mhandisi wa maji. Alihamishiwa Kigoma kutoka Tanga wakati watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kila wiki, kambi zinaongezeka na visima havitoshi. Tukapewa nyumba Buzebazeba. Kwa siku za mwanzo nililia kwa sababu ya mawese, maana niliyakuta kwenye maharage, kwenye kisamvu, kwenye kila kitu, na mimi nilizoea nazi. Baada ya miezi miwili nilikuwa nalamba mwiko. Mji ulikuwa umejaa magari meupe yenye antena ndefu, sokoni Mwanga kulikuwa na unga wa njano na makopo ya mafuta ya msaada, na asubuhi kukiwa shwari tuliiona milima ya Kongo ng'ambo, ya bluu, karibu kabisa, mtoto unadhani ungeweza kuifikia kwa kuogelea ukila vizuri.

Kompyuta ilitoka kwa Mfaransa mmoja wa shirika la misaada aliyemaliza mkataba wake akauza vitu barazani. Baba aliinunua akikusudia kuandikia ripoti za visima. Ililetwa na mkokoteni, imefunikwa shuka kama mgonjwa, na majirani wakaisindikiza mpaka mlangoni. Mama akaitengea meza ya peke yake sebuleni, akaivisha vitambaa vya kufuma, kimoja kwa kioo, kimoja kwa kibodi, na kimoja kwa ajili ya stebilaiza iliyokuwa inanguruma siku nzima. Ndani yake, Mfaransa alisahau gemu.

Lilikuwa gemu la kunyata. Jamaa mmoja mwenye kipara na nguo nyeusi anaingia kwenye ngome ya watu akachukue kitu, sikumbuki hata kitu gani. Hapigani. Kazi yake ni kutoonekana na kutosikika tu. Anapita kwenye vivuli, anajibanza ukutani, mlinzi akigeuka naye anapita. Akionekana, kengele inalia na unarudi mwanzo. Mimi nilirudi mwanzo kwa wiki tatu mfululizo. Kipara wangu hakuwahi kuona ukuta wa pili. Kila nikimtoa gizani nilimkimbiza mbio kama mtu aliyeitiwa chakula, miguu inapiga sakafu pwa pwa pwa, na walinzi wanamsubiri kwa mikono miwili. Nilihitimisha kwamba kompyuta ni mbovu.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni Riziki. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Bahati, fundi cherehani wa pale Mwanga aliyetushonea sare za shule. Mama Bahati alikuwa Mkongo wa zamani, aliyeolewa hapa hapa na karatasi zake zimekamilika. Riziki alikuja nyuma, peke yake, kwa mtumbwi wa wavuvi, akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku hiyo alileta gauni la mama. Akasimama nyuma ya kiti changu, kifurushi mkononi, akanitazama nikikamatwa mara nne. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Lakini iko imeandikwa hapo chini. Wanasema usikimbie."

Wiki tatu, jamani. Maandishi yalikuwa pale pale.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila siku yenye umeme. Alisoma Kifaransa kwao mpaka darasa la sita, basi yeye anasoma maelekezo, mimi nashika mausi, na sifa zote nachukua mimi. Mama aliposikia tunavyonong'ona Kifaransa akatangaza mtaa mzima kwamba Mwanaidi anajifunza lugha, akawa anatuletea chai ya maziwa na maandazi kwa ajili ya masomo. Nilichojua kwa Kifaransa ni neno la kufungua mlango na neno la kuufunga, na hayo nayo nilikuwa nayachanganya.

Riziki akishika mausi yeye, gemu lilibadilika. Alimweka Kipara nyuma ya pipa, akamwacha. Mlinzi anapita, anarudi, anapita tena. Mimi nakaribia kupasuka. Namwambia twende sasa, yeye ananyamaza, anahesabu hatua kwa midomo. Nilimcheka, nikamwambia hilo ni gemu na siyo usingizi. Mara ghafla anapita, milango mitatu kwa mpigo, hakuna aliyemwona. Sikuwahi kumuuliza alijifunzia wapi kungoja namna ile, kwa sababu niliona ni bahati.

Mimi nikaanza kunyata mtaani. Nilimnyatia mama akikaanga samaki wa migebuka, nikamnyatia baba akisoma gazeti, nikanyatia kabati la sukari. Nilikamatwa mara zote, maana nilikuwa navaa kandambili, na kandambili zangu zilisikika mpaka Katonga. Lakini kombolela ilipochezwa jioni, nilijificha vizuri mno hivi kwamba watoto walikata tamaa wakaenda kula, na mimi nikabaki kichakani nikijipongeza. Hapo ndipo kichwa kilipovimba kabisa.

Sasa, Riziki hakuwa na karatasi. Sheria ya wakati ule ilikuwa mkimbizi akae kambini, na anayekutwa mjini bila kibali anapelekwa huko. Asubuhi moja ya likizo habari zikaenea kwamba ukaguzi umeanza mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, maofisa wawili wa uhamiaji pamoja na mjumbe wa mtaa. Mama Bahati akamleta Riziki kwetu kupitia uani, mkono umemshika kwa nguvu, akamwomba mama amkalishe mpaka wapite. Nyumba ya mhandisi wa serikali nani angeikagua? Mama akasema sawa, akatuwekea chai, akatuambia tukae sebuleni tutulie, akatoka barazani kuchambua mchele.

Yaani hilo tu. Kukaa. Kunywa chai. Wangepita, wakaona watoto wawili wa kike na vikombe, wangesema hamjambo, wakaendelea.

Lakini komandoo akakataa. Nilimweleza Riziki kwamba sebuleni kuna mwanga mwingi na dirisha moja, na mtu mwenye akili hujificha kwenye kivuli chenye njia mbili za kutokea. Akasema, "Mama yako amesema tukae." Nikamwambia mama hajui gemu. Akanifuata. Mpaka leo sijui kwa nini alinifuata, labda kwa vile mimi ndiye nilikuwa mwenye nyumba.

Tukatoka dirisha la nyuma, tukapita chini ya michikichi, tukaingia kwenye banda la jirani alilohifadhia madumu ya mawese. Nilimbanza Riziki nyuma ya madumu, mimi nikajibanza mbele yake, na kandambili nilizivua, mnaona jinsi nilivyokuwa nimekomaa. Harufu ya mawese ilikuwa nzito hata machozi yananitoka. Tukasikia sauti uani kwa jirani. Riziki akawa anahesabu hatua kwa midomo, kama kawaida yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Mlango wa banda ukasukumwa, na mjumbe wetu, Mzee Ntamaba, akachungulia. Alikuwa mtu mzima wa Kiha, koti lile lile mwaka mzima, na alinijua vizuri. Alitazama madumu. Nadhani hakuona kitu, kwa sababu alikuwa anatoka juani. Alikuwa ameshaanza kugeuka.

Na mimi nikamsikia mtu anasema, "Shikamoo."

Kumbe ni mimi. Wallahi sikupanga. Nililelewa Tanga kwa bibi ambaye mtoto akipita mbele ya mkubwa bila salamu, anarudishwa alikotoka aanze upya safari. Mdomo ulijiendea wenyewe. Na Mzee Ntamaba, kwa kuwa naye alilelewa, akajibu kwa sauti kubwa, "Marahaba, mwanangu," na akaniuliza hali ya nyumbani. Ndipo tukatazamana. Uso wake ulionyesha kabisa kwamba angetamani kuimeza ile marahaba. Akajaribu kuufunga mlango taratibu. Lakini ofisa nyuma yake alikuwa ameshasikia, na akauliza kwa upole mzee anaongea na nani humo ndani.

Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Ofisa alimwuliza Riziki jina, akamwuliza karatasi, akaandika. Hata begi lake lililoletwa na Mama Bahati alimbebea mpaka kwenye gari. Mama alikuja mbio na ungo mkononi, akaomba, Mama Bahati akaomba, Mzee Ntamaba naye akaomba. Riziki mwenyewe hakuomba. Alipanda, akakaa dirishani, akaninyooshea mkono, nami nikamshika vidole viwili hivi, gari likaondoka. Jioni mama aliniambia kitu kimoja tu, bila kupandisha sauti: "Mngekaa mkanywa chai, Mwanaidi." Nilitamani anichape.

Baba hakugomba. Alikuwa anakwenda kambini kila baada ya wiki mbili kuangalia visima. Akanitafutia kibali, akaniambia Jumamosi atanichukua nikamwone mwenzangu, tutaondoka asubuhi na kurudi alasiri. Mama akafunga kifurushi: dagaa, sabuni, sweta langu la kijani. Ilipofika Jumamosi nikaamka, nikakuta umeme umekuja, nao haukuwepo tangu Jumatano. Kipara alikuwa amebakiza ukuta wa mwisho. Tumbo likaanza kuniuma. Nililishika kwa mikono miwili, nikajikunja, nikaigiza vizuri kuliko kuimba kwangu kwaya ya shule. Baba akanitazama kidogo, akachukua kifurushi, akaenda.

Siku hiyo nilimaliza gemu. Nilingoja nyuma ya pipa, nikahesabu hatua kwa midomo, nikapita. Kioo kikawa cheusi, muziki ukalia, na maneno mengi yakaanza kupanda kutoka chini, ukurasa mzima wa Kifaransa. Sikuelewa hata neno moja. Mama akauliza kutoka jikoni tumbo linaendeleaje, nikamjibu linapoa.

Mwaka uliofuata baba alihamishwa tena, na kompyuta ikauzwa pamoja na vitambaa vyake. Mimi nikakua, nikaenda Morogoro, nikaolewa, nikapata kazi. Hadithi ya shikamoo nimeisimulia kwenye harusi, kwenye foleni za benki, kazini wakati wa chai. Watu wanacheka mpaka wanashika meza. Naigiza mlango, naigiza marahaba ya Mzee Ntamaba, naishia gari likiondoka, na hapo naweka huzuni kidogo ili nionekane nina moyo. Ile Jumamosi sikuwahi kuiweka.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kigoma kwa siku tatu. Nikazunguka Mwanga nikitafuta kitenge, mwenye duka akanitajia bei, nikaanza kulalamika, naye akaniangalia. Akasema, "Mwanaidi, usikimbie." Nilikaa chini kwenye marobota. Riziki amenenepa, ana watoto watatu, ana duka, ana karatasi zake zote kwenye droo na alinionyesha bila kuulizwa. Tulikunywa soda. Nikamwomba msamaha kwa ile shikamoo, nikalia, nikamweleza nilivyoibeba miaka yote.

Akashangaa kweli kweli. "Ile? Mzee kama yule hata mimi ningemsalimia. Na nilikuwa nimechoka kujificha, kule angalau walinipa kadi yenye jina langu." Akakunja kitenge, akakikunjua tena. "Mimi kilichoniuma ni ile Jumamosi. Nililiona gari la baba yako, nikakimbia toka bombani. Nikafungua mlango wa nyuma. Mle ndani mlikuwa na mabomba tu."

Uongo wa tumbo nilikuwa nao bado, ungeweza kunisaidia. Nilimwambia ukweli, kwamba siku ile umeme ulikuwepo.

Mteja akaja, akapimiwa, akaondoka. Kisha Riziki akaniuliza kama nililimaliza, nikasema ndiyo, akauliza mwishoni kulikuwa na nini. Nikamwambia sijui, sikuwa na wa kunisomea.

Siku hizi mwanangu anacheza na watoto wa Brazil na Uturuki ambao hatawaona maishani, na wakigombana anabonyeza mahali wanatoweka. Namcheka, lakini najua mimi nilifanya hivyo hivyo bila hata kitufe. Jumamosi asubuhi nampigia Riziki. Mara nyingine hapokei, dukani kuna watu, au labda hataki tu. Nangoja. Mchana napiga tena.