Jiwe la Kumetameta

Usiku ule Nyiraneza hakupata usingizi. Binti yake Joselyne alikuwa peke yake bandani, pembeni mwa kijiji chao cha Muganza, akichochea tanuri jipya la mikate la kina mama wa kanisa, na tanuri lilijengwa na msomi.

Kwa miaka ishirini Nyiraneza alikuwa akivunja kokoto, kwanza Bukavu alikokulia, kisha hapa Rusizi aliporudi na nyundo ya marehemu baba yake. Mawe aliyajua kama wengine wanavyowajua wakwe zao: kwa kuumizwa. Kwa hiyo Damascène, injinia mwenye kalamu tatu mfukoni, alipochagua jiwe la kumetameta kwa sakafu ya tanuri, mama huyo alithubutu kufungua mdomo. Alimweleza kwamba jiwe jeusi ni moto ulioganda. Moto haulitishi, ndiko lilikozaliwa. Lile la kumetameta lilikuwa tope tu, likabanwa na kupikwa chini ya ardhi hadi likageuka sura, likabaki na matabaka kama kurasa za kitabu. Maji yakijificha humo na moto ukayafikia, litapasuka.

Injinia alisikiliza kwa upole wote wa mtu asiyesikiliza. Akauliza Maman alifika darasa la ngapi. La nne. Basi akawaambia kina mama kwamba la kumetameta litapendeza kwenye picha za wafadhili. Hoja nzito hiyo. Nani asiyejua kwamba mkate huiva kwa picha?

Saa nane usiku ukasikika mlipuko. Mwaka ule wa 1998, vita vikiunguruma ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, hapakuwa na mtu aliyesikia mlipuko akafikiria mkate. Kijiji kizima kilikimbilia migombani, injinia akiongoza, kalamu zikidondoka njiani. Nyiraneza peke yake alikimbilia kwenye tanuri.

Askari wa doria walikuwa wameshalizingira banda. Waliita mara mbili, kimya. Joselyne alionywa na mama yake mwenyewe: ukisikia mlio, lala chini, usimfungulie yeyote. Miaka kumi na tisa mtoto hajawahi kutii, akachagua usiku huo kuanza.

"Rudi, Maman," afande akasema, bunduki ikielekea mlangoni. "Ndani kuna adui."

"Ndani kuna mtoto wangu na jiwe la injinia, afande."

Aliinama chini ya dirisha, akafunika kiganja kwa kitenge na kuokota kipande kilichorushwa nje. Kilikuwa chembamba kama sahani, bado cha moto. Afande alikimulika kwa tochi, akatafuta chuma cha bomu, hakukiona. Alichomeka ncha ya kisu pembeni. Jiwe likafunguka tabaka kwa tabaka.

Akamruhusu kubisha. Mara moja tu. Baada ya hapo wangevunja.

Nyiraneza alibisha na kujitaja. Komeo halikusogea. Akaelewa: binti anadhani mama ameshikiwa bunduki, na kusema kweli hakukosea sana. Ikawa hana budi kusema neno ambalo hakuna askari angefikiria kumlazimisha kulisema, maana hakuwahi kulisema hata nyumbani kwake.

"Joselyne, niliyekukataza kufungua ni mimi. Nimekosea, mwanangu. Nisamehe."

Komeo likasuguana na mbao, likakwama, likatoka, na mlango ukafunguka.