Sahani ya Bluu

Kwetu Didia nilijifanya bingwa wa vipele. Jirani akiniletea mtoto anayejikuna, nilimtazama mara moja nikatoa hukumu: huyu kapita kwenye upupu, huyu kachezea utomvu wa minyaa ya uzio, huyu ni joto tu, mwogeshe. Mara nyingi nilipatia, na sifa zikanivimbisha kichwa.

Mume wangu aliporudi kutoka machimboni Rwamgasa, mvua zimekolea, alikuwa na mstari mwekundu shingoni, wenye malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Nikajua palepale. Miaka ile mtu akitokwa na mkanda wa jeshi, watu hawakuuliza zaidi. Ni UKIMWI, basi, hasa kama katoka kwenye dhahabu.

"Ni kadudu tu, mayu," aliniambia. "Kalinitua shingoni nikakaponda kwa kiganja. Kesho yake pakaungua."

Sikumwamini hata nusu, ila sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Sisi tulizoea kula sinia moja, yeye, mimi na watoto, mikono ikigongana kwenye mboga. Jioni ile nilimpakulia peke yake, kwenye sahani ya bati ya bluu, nikasema baba aliyechoka anastahili heshima. Heshima gani! Kikombe chake nilikiosha kwa maji yanayochemka, na watoto niliwakataza kumkalia mapajani. Alikula akamaliza, na mimi nikajidanganya kwamba hajaelewa.

Malengelenge yalikauka yakaacha weusi. Sahani ikabaki.

Kisha jioni moja, wadudu wamejaa kwenye kandili, nilihisi kitu kinatembea kwenye mkunjo wa kiwiko. Nikakiponda bila kufikiri. Kalikuwa kadudu kembamba kama sisimizi, keusi, kenye mshipi mwekundu. Kesho yake ngozi ikawaka moto. Malengelenge yalitoka sehemu mbili, juu na chini ya mkunjo, na nilipokunja mkono yakakutana sawasawa. Ndipo nikakumbuka doa jingine la mume wangu, chini ya kidevu, pale panapogusana na shingo akiinama. Doa lile nililiona tangu siku ya kwanza. Nililipuuza kwa sababu halikufaa hukumu yangu.

Nilimwonyesha mkono. Akauosha taratibu kwa maji baridi na sabuni, akaniambia nisijikune wala nisijiguse machoni. Hakunicheka wala kunisuta. Afadhali angenitukana, maana aibu iliyonishika sikujua niipeleke wapi.

Siku hiyo nilisonga ugali mkubwa, nikaweka kila kitu kwenye sinia moja, nikamwita. Alikuja, akaketi pamoja nasi, sahani ya bluu mkononi.

"Nipakulie humu," alisema. "Watoto wamezoea."

Nilitaka kukataa. Lakini kitinda mimba wetu alikuwa ameshasogea pembeni, asije akamgusa baba yake. Nikampakulia.