Sawa ya Reino

Reino Kallio alipasua mbao kiwandani miaka thelathini na moja, na kelele za misumeno zikaondoka na usikivu wake. Hakupenda lijulikane. Mtu akimsemesha, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Sawa." Neno hilo lilikuwa limemfikisha mbali.

Asubuhi ile ya Machi mkewe, Verna, alikuwa kwenye sinki, mgongo umemwelekea, maji yanamwagika. Alisema jambo refu. Reino akadaka neno moja tu, "barafu".

"Sawa," akajibu, akachukua keekee ya kutobolea barafu na ndoano zake, akashuka kwenye ziwa lililoganda kuvua samaki.

Alikuwa ameshavuka theluthi ya ziwa alipohisi kitu kikitetemeka chini ya nyayo. Akatazama. Barafu iliyokuwa nyeupe juzi ilikuwa imegeuka kijivu, na maji yanazingira viatu vyake. Akageuka, na pale ufukoni akamwona Verna, hana koti, anarusha mikono na kupiga kelele. Mdomo aliuona ukifunguka, sauti haikumfikia. Anamwambia arudi, au asithubutu kusogea? Reino akasimama kama mti. Akiinua mguu huenda akazama. Akibaki huenda akazama vilevile.

Ndipo Verna akanyamaza. Akajitupa kifudifudi kwenye theluji, akatandaza mikono na miguu, akaanza kutambaa.

Reino akaelewa: alale, uzito usambae. Akaiachia keekee, akalala taratibu, maji ya baridi yakamwingia kifuani, akaanza kujikokota akifuata njia aliyojia. Mara mbili barafu ilibonyea chini ya tumbo lake, na mara zote mbili alifumba macho. Hakuyafumbua sawasawa mpaka vidole vya Verna vilipomkamata ukosi.

Jikoni, ndani ya blanketi, meno yake yalikuwa bado yanagongana. Verna akavuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Nilikwambia kijito kimeanza kuyeyusha barafu upande huu. Ukasema sawa."

"Sikukusikia."

"Sasa sawa ya nini, mwanamume wewe?"

"Ndiyo huwa nasema nisiposikia."

Verna akamtazama kama anayehesabu sawa zote za miaka hiyo. Kisha akaenda kabatini, akaleta kile kisanduku chenye vifaa vya kusikia ambavyo Reino alivivaa siku mbili tu.

"Utavaa hivi. Mimi sitasema nawe nikiwa nimekupa mgongo wala maji yakimwagika. Nitakugusa bega kwanza. Nawe utanirudishia nilichosema. Haya, nimesema nini?"

"Nivae hivi. Utanigusa bega." Akasita. "La katikati limenipita."

"Nitalirudia," akasema Verna, akalirudia polepole, bila kupaza sauti.

Usingizi ulimpaa Reino siku nyingi. Kilichomtisha zaidi ya barafu ni kutojua mangapi mengine alikwisha kuyaitikia bila kuyasikia.