Kiti Kilicholia Kabla ya Fidla

Juzi, kwenye meza ya mitumba Mbarara, nilinunua CD ya muziki wa filamu ambayo tayari ninayo nyumbani, matoleo mawili. Muuzaji alinicheka. Mimi nilitaka tu kujua kama katika toleo hili kiti kinalia.

Utotoni, kule Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, filamu tulizitazama katika kibanda cha video kilichonuka petroli na jasho. Mjomba wangu, Tonton Elia, alishika maikrofoni akatutafsiria mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Chini ya sauti yake nilisikia mvumo mtamu. Nilidhani nchi za filamu hulia hivyo zenyewe, kama ziwa letu linavyolia kwa vyura.

Alasiri moja, kabla watu hawajaja, alicheza CD mbili za muziki wa filamu ileile. Ya kwanza ilianza na fidla moja kwa moja. Katika ya pili, kabla ya fidla, kiti kililia kwii, na mtu akavuta pumzi.

“Tonton, ni nani huyo?”

“Ni batu, mama. Batu mingi, bamekaa fasi moja, banapiga.”

Mwili wote ulinisisimka. Watu, wamekaa mahali pamoja, wanapiga muziki! Siku hizi najua kwamba matoleo mapya husafishwa kelele, na mlio wa kiti ndio unaoondolewa kwanza.

Jioni ile filamu yenyewe ilipofika pale penye fidla, Tonton alishusha maikrofoni. Kibanda kizima kikapiga kelele: “Tafsiri!”

“Njo ninatafsiri,” alisema, yaani ndivyo anavyotafsiri, akatuachia fidla tuisikie.