Siku Kabula Alipocheza

Wakati wa mavuno pamba ilirundikwa mpaka chumbani tulikolala, na nyumba nzima ikanuka vumbi, jua na mafuta ya mbegu. Ilikuwa miaka ya sabini, kijijini kwetu karibu na Mwadui, nami nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa mjamzito, lakini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mimba mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Kila Jumapili baada ya ibada, Mama Salome, mkunga wa kijiji, alisimama mlangoni kwetu na kuuliza, “Mama Milembe, amecheza?”

“Bado,” mama alijibu bila kuinua macho.

Milembe ni mimi. Kwangu kucheza kulikuwa kuruka kamba na kukimbizana, kwa hiyo nilishangaa ni nani huyo anayengojewa, na atacheza na nani. Nilipomuuliza bibi, alinitazama kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mdogo wako yumo tumboni. Akicheza, tutajua yu hai. Wale wawili hawakucheza.” Tangu siku hiyo nikawa naruka kamba mbele ya mama makusudi, nikiamini aliyemo ndani atasikia na kutamani.

Mchana mmoja mimi na mama tulikuwa tunachambua pamba, tukitenga safi na ile yenye madoa. Ghafla mama aliacha kazi, macho yakamganda ukutani. Niliogopa, nikainuka nimwite bibi, lakini alinikamata mkono akaubandika chini ya kitovu chake.

“Tulia. Usiseme kitu.”

Mwanzoni nilihisi joto tu, na pumzi zake zikipanda na kushuka. Kisha kiganja changu kikagongwa, polepole, mara moja, halafu tena. Pale ambapo sikuona mtu, palikuwa na mtu.

“Mama, ananigonga!”

“Ndiye,” alisema, machozi yakimtiririka huku anacheka. “Amecheza, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kusalimiwa naye.”

Bibi alisikia kutoka jikoni. Alipiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba angemshtua mtoto.

Mvua za kwanza ziliponyesha alizaliwa msichana, akaitwa Kabula, jina la mtoto wa mvua. Leo ni mwalimu huko Runzewe, naye ana watoto wakubwa.

Hivi karibuni binti yangu, ambaye ni mjamzito, alikwenda nami hospitali mjini Geita. Kwenye kioo cha mashine nilimwona mjukuu wangu akirusha miguu, na mimba yenyewe haijafika miezi minne. Nilishukuru kwamba binti yangu hatangoja na hofu kama alivyongoja mama. Lakini tulipomwonyesha picha binti yake mkubwa, naye ana miaka minane, aliitazama kidogo, akasema, “Mzuri,” akarudi kwenye katuni zake. Nikamwambia mama yake, “Mimba ikifika miezi mitano, akicheza, huyu umwite. Umshike mkono.”