Majibu Yaliyobaki Mashine Namba Tatu

Wewe unayesema mambo ya intaneti hayamhusu bibi aliyeishia darasa la nne, nyamaza usome.

Juzi nilikuwa saiba moja, duka la intaneti, karibu na korti za Makadara. Nesi mmoja alikuwa amejaza fomu ya kazi ya ng'ambo, amebakisha kuituma tu, na mwisho ulikuwa saa kumi na moja. Zilibaki dakika kumi. Muda aliolipia kwenye mashine namba tatu ukaisha, na mwingine aliingoja, akahamishiwa namba tano. Huko fomu haikumjua. Ilitaka aanze na jina.

"Majibu yangu yako wapi?" akauliza.

"Yamebaki kwa tatu, mathe," mwenye saiba akamjibu. "Waliotengeneza fomu waliamua yakae kwa mashine uliyotumia, si kwao."

Kwenye namba tatu alishaketi jamaa aliyevaa tai, akaanza kusoma kwa sauti. "Umri, arobaini na sita! Kumbe!"

Watu wakacheka. Nesi akajifunika uso.

Wasomi wazima, hao wa fomu, wanapewa siri ya mtu, nao wanaiacha kwenye kiti atakachokalia yeyote!

Nikasimama nyuma ya jamaa. "Umeshasoma, sasa malizia kazi. Bonyeza hapo pa kutuma."

Akabonyeza. Ikaandika kwamba imepokelewa.

"Na hayo majibu yatatoka humo lini?" nikamuuliza mwenye saiba.

"Mpaka mashine izimwe, shosho."

Nikachomoa waya wa namba tatu ukutani, nikawaacha wakipiga kelele, nikatoka na kufunga mlango.